Hema Lako Halijafa

Mahema mengi ninayoona yakitupwa Nairobi hayajafa. Kitambaa ni kizima, fito ni nzima, sakafu haina hata tundu la sindano. Kilichoharibika ni kichwa cha zipu, kile kichuma kidogo kisichofika hata ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kinachokimbia juu na chini kufunga mlango. Kimelegea, na meno ya zipu hayashikani tena. Mwenye hema anaangalia, anasonya, anaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba hema limekufa, na wiki inayofuata anaagiza lingine mtandaoni, rangi tofauti.

Kichwa cha zipu kilicholegea hubanwa kwa koleo. Unabana kidogo upande huu, kidogo upande ule, pole pole usije ukakivunja, kisha unajaribu. Ni dakika tano tu. Kikikataa, kinabadilishwa, na bei ya kimoja ni ya chai na mandazi. Sasa niambie, hili hema limeuliwa na nani?

Mimi nasema ni sisi. Si mvua, si upepo wa Longonot, wala si ule Uchina tunaopenda kuulaumu kwa kila kitu kinachokatika. Ni sisi vijana wa mjini tuliogundua kambi juzi tu, tukajifunza kupika pilau kwa stovu ya gesi, kuning'iniza taa za rangi na kupiga picha jua likizama nyuma ya ziwa, lakini hatukujifunza kutunza kitu tunacholala ndani yake. Na si uvivu peke yake. Tumelelewa tukiamini kwamba kutengeneza kitu ni kazi ya mtu ambaye maisha yalimshinda. Imani hiyo ndiyo ninayoishtaki hapa.

Ujue nasema nikiwa wapi. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu, karo iligoma na mimi nikagoma nayo. Naishi kwa kuandika: maelezo ya tovuti, hotuba za harusi za watu nisiowajua, makala kama hii nikibahatika. Kuandika hakulipi kodi kila mwezi, kwa hivyo siku tatu kwa wiki niko kwenye karakana ya mahema na maturubai, kando ya barabara ya Lunga Lunga. Mwenye karakana tunamwita Mzee. Hapendi jina lake liandikwe popote na nitamheshimu.

Nilipoacha chuo, shangazi yangu alisema sentensi ambayo wengi wenu mmewahi kuisikia: "Usiposoma, utaishia kuwa fundi." Angalia hilo neno. Utaishia. Kama kwamba ufundi ni shimo lililo mwisho wa barabara na wanaoangukia humo ni wale waliokosa breki. Daktari "anakuwa" daktari, wakili "anakuwa" wakili, lakini fundi "anaishia". Lugha yenyewe imeshamhukumu kabla hajashika sindano.

Haya, tuone huyo aliyeishia anajua nini.

Turubai la pamba halizuii mvua kwa uchawi. Uzi wa pamba ukilowa hufura, na ukifura hubana vitundu vilivyo kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana hema jipya la turubai husimamishwa, likamwagiwa maji hadi lilowe kabisa, kisha likaachwa likauke kabla ya safari yoyote, ili hata matundu ya sindano kwenye mishono yajifunge. Mtu asiyejua hilo hulala Naivasha usiku wa kwanza, akadondokewa na maji kwenye paji la uso, asubuhi akaandika kwamba ameuziwa takataka.

Kiraka nacho kina sheria zake. Hukishoni kabla hujakilowesha na kukikausha, kwa sababu pamba mpya hunywea. Ukikishona vile kilivyotoka dukani, mvua ya kwanza itakivuta na kukunja kitambaa chote kando yake. Unakikata kikubwa kuliko tundu, kwa vidole viwili au vitatu kila upande. Pembe zake unazizungusha, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka. Na sindano usiipitishe karibu karibu mno ukidhani ndiyo nguvu. Matundu yakifuatana sana, kitambaa kitachanika pale pale kwenye mstari, kama karatasi ya risiti. Fundi mchanga hushona sana kwa sababu anaogopa. Mzee anashona kiasi, na mishono yake hukaa.

Yale mahema mepesi ya nailoni na poliesta, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, yana masharti tofauti. Kitambaa kimepakwa utando mwembamba wa kuzuia maji. Ukilikunja limelowa Jumapili na kulirusha juu ya kabati hadi Desemba, unyevu unaanza kuula ule utando. Kwanza unanata, kisha unanuka kama matapishi, halafu unabambuka vipande vipande. Hapo hata Mzee anatingisha kichwa. Jua la huku kwetu nalo hula nailoni bila huruma, kwa hivyo hema lililoachwa limesimama uani mwezi mzima linachakaa hata kama hakuna aliyelala ndani. Na ukilisugua kwa sabuni ya unga ili liwe safi kwa picha, umeondoa dawa ya maji kwa mikono yako mwenyewe. Maji matupu, sifongo laini na kivuli chenye hewa vinatosha.

Haya yote ni fizikia na kemia, na hisabati ya kutosha. Yanafanywa na watu ambao kwenye fomu za benki, pale penye kiwango cha elimu, wanaweka alama kwenye kisanduku cha chini kabisa.

Najua utasema nini. Utasema, boss, hizi ni hadithi nzuri, lakini kununua jipya ni rahisi kuliko kutengeneza. Tufanye hesabu basi.

Kijana wa rika langu alileta hema alilolinunua kwa shilingi 9,000. Zipu zote mbili zilikuwa zimekufa kweli kweli, meno yameng'oka, na mshono mmoja wa paa ulikuwa umeachia. Mzee akamwambia 1,800. Kijana akacheka, akasema, "Mzee, hiyo si ni bei ya kuniua?" Akatoa 500. Mimi nilikuwa nimekaa na bei zote mbele yangu. Zipu ngumu ya mita kadhaa, vichwa vyake, uzi usiooza na stima ya cherehani, hizo zinakaribia 800. Inabaki kama 1,000 kwa saa nne za kufumua, kupima, kushikiza, kushona na kufunga mshono kwa gundi. Yaani kwa ile 500, fundi angekuwa anamlipa mteja ili amtengenezee hema. Na huyo kijana alikuwa na simu mkononi yenye picha za wikendi: kiingilio, mafuta ya gari, mbuzi mzima wa kuchoma. Hakuna hata mmoja kati ya wale aliombwa apunguze hadi theluthi.

Kubishana bei si dhambi. Gikomba tunabishana, Marikiti tunabishana, ndiyo salamu yetu. Lakini angalia ni nani tunayembishia na ni nani tunayemlipa kimya kimya. Ukiingia mkahawa wenye viyoyozi, hukohoi. Bei ikiandikwa kwenye karatasi ngumu unaiamini. Akiitamka mtu mwenye vidole vyenye nta na ovaroli iliyopauka, unadhani anakuibia. Tunakubali bei ya chombo chenye nembo na kuibishia bei ya mkono wa mtu.

Utasema pia kwamba mafundi wanasumbua. Wanakwambia "kuja kesho" mpaka kesho inafika mwezi ujao. Hilo nalikubali bila kuzungusha maneno. Wapo wanaochukua kazi kumi huku wanaweza tatu. Wapo wanaotumia uzi wa pamba wa kushonea nguo kwenye hema la nailoni, ukaoza msimu mmoja. Lakini jiulize hiyo "kesho" inazaliwa wapi. Fundi anayelipwa 500 kwa kazi ya 1,800 hana hela ya kuweka zipu na uzi dukani mwake. Lazima achukue malipo ya kazi yako akanunue vifaa vya kazi ya mwenzako, kisha asubiri kazi ya tatu ili amalize yako. Bei tuliyoibomoa wenyewe inaturudia ikiwa imevaa jina la ucheleweshaji. Lipa vizuri, weka amana, taka risiti na tarehe. Baada ya hapo una haki ya kugomba, na mimi nitagomba pamoja nawe.

Kuna mahali ambapo kutupa kumefika mwisho wake, na tunapaona kwenye simu zetu kila kiangazi cha wenzetu. Mwaka 2019 Association of Independent Festivals, muungano wa waandaaji wa matamasha ya Uingereza, ulikadiria kwamba mahema 250,000 huachwa kwenye viwanja vya muziki nchini humo kila mwaka. Robo milioni. Watu wanalala siku tatu, wanaamka, wanaondoka, na hema linabaki limesimama kwenye matope kama kikombe cha karatasi. Muungano huo uliwasihi watu warudi nyumbani na mahema yao na kusema kwamba hema si kitu cha kutumika mara moja. Waliohitaji kuambiwa hivyo ni watu wa nchi tajiri. Sisi tunaiga nini hasa? Tumechukua taa za rangi na muziki, sawa, ni raha. Lakini tunachukua na ule mkono wa kuacha, bila kuwa na hata malori ya kuja kuzoa.

Na ajabu ni kwamba hii ndiyo nchi iliyofanya hema liwe dhahabu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kuanza safari ya uwindaji iliyosomwa dunia nzima. Mizigo yake, mahema yakiwemo, ilibebwa na mamia ya wapagazi. Yeye tunamjua. Waliokunja turubai alfajiri likiwa zito kwa umande, wakalibeba, wakalisimamisha tena jioni kabla bwana hajafika, wengi wao hatuna hata majina yao. Neno letu "safari" likasafiri ulimwenguni, ila wao wakabaki njiani.

Karne na zaidi imepita na mpango ni ule ule. Kambi za kifahari za Mara zinauza usiku mmoja chini ya turubai kwa bei inayozidi mshahara wa mwezi wa watu wengi wanaolishona. Miezi ya Aprili na Mei mvua zikiwa nyingi na wageni wachache, ndipo karakana kama yetu hujaa. Paa lililopauka, madirisha ya wavu yaliyochanwa na nyani, sakafu iliyoliwa na mchwa. Julai wageni wanarudi na hema linaonekana kama halijawahi kuguswa. Ndiyo laana ya kazi hii. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba uliifanya.

Niliwahi kulipwa kuandika maelezo ya tovuti ya kambi moja, sitaitaja. Nikaandika kuhusu machweo, nikaandika kuhusu simba, na katikati nikaweka aya moja kuhusu mafundi wanaofumua na kushona upya yale mahema kila msimu wa mvua, miaka kadhaa mfululizo, hadi turubai likawa na ulaini wa shati la zamani. Nilidhani ni sifa. Ilirudi na mstari mwekundu juu ya aya nzima na maneno mafupi kando yake, kwamba wageni wasifikirie mahema yana viraka. Kule Ulaya wanalipia kiti cha ngozi kilichozeeka na wanakiita urithi. Hapa kwetu mikono iliyokifanya kizeeke vizuri inafutwa. Pesa nilichukua, kodi ilikuwa imefika. Lakini ile aya sikuitupa, na leo nimeitoa kabatini.

Tena tusijifanye kwamba hema ni mchezo wa wikendi tu. Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, mamia ya maelfu ya Wakenya walifukuzwa makwao, na wengine waliishi chini ya mahema kwa miaka, kama pale Mawingu, Nyandarua. Hema la familia linalogawiwa na UNHCR wakati wa dharura limekusudiwa kudumu angalau mwaka mmoja. Mwaka ukiisha na nyumba haijaja, kinachobaki ni kiraka: kipande cha gunia, karatasi ya nailoni, uzi uliochomolewa kwenye mfuko wa mahindi. Mama aliyeshona tundu juu ya kitanda cha mtoto kabla ya mvua za Machi hakuwa "ameishia" popote. Alikuwa anashikilia paa. Nchi ambayo imeshalala chini ya turubai kwa sababu hiyo haina ruhusa ya kudharau anayejua kulishona.

Serikali nayo haikosi karatasi. Waraka wa Bunge Namba 2 wa 1992 ulizungumzia biashara ndogo na jua kali, ukaahidi kuinua mafundi. Niliyezaliwa baada ya waraka huo nafanya kazi chini ya mabati yanayovuja, na kinachozuia maji yasimwagike kwenye cherehani ni, ndiyo, turubai tulilolishona wenyewe. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo inambebesha anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini wajibu wa kufikiria mwisho wa bidhaa hiyo. Basi nauliza kwa ustaarabu: ukiuza hema la shilingi 9,000 Nairobi, vichwa vya zipu vyake viko wapi? Fito moja ikivunjika, kipande chake kinauzwa wapi? Kwenye karakana tunaunga fito iliyovunjika kwa kuivisha kipande cha bomba la alumini kilichotoka kwenye aeli ya runinga. Inafanya kazi, na ninaionea fahari. Lakini ubunifu wa fundi usiwe kisingizio cha muuzaji.

Kwa hivyo, madai yangu ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji shahada.

Kausha hema lako. Ukirudi Jumapili usiku na limelowa, litandaze sebuleni, juu ya milango, kwenye kamba za kuanikia nguo za ploti, popote. Mwenye nyumba akiuliza, mwambie unaanika mali yako. Kunja likiwa kavu kabisa, lihifadhi likiwa limelegea, si limebanwa kama sukuma wiki ya sokoni.

Beba mfuko mdogo wa matengenezo: sindano nene, uzi imara, kipande cha nta ya nyuki cha kupitisha uzi, koleo ndogo, vichwa viwili vya zipu, vipande vya kitambaa, gundi. Vyote pamoja havifiki bei ya chupa mlizomaliza usiku wa kwanza. Na kati ya mbogi yenu ya watu kumi, angalau mmoja ajue kuvitumia. Juu ya Mlima Kenya, ukiwa zaidi ya mita 4,000 na mvua ya barafu inaingia kwenye mfuko wa kulalia, hakuna duka la mtandaoni litakalokufikishia zipu kabla ya asubuhi. Baridi ile huua watu.

Mlipe fundi bei aliyosema, au umwulize aikokotoe mbele yako, kifaa kwa kifaa, saa kwa saa. Ukiona ni kubwa, ondoka kwa heshima. Usimtajie theluthi ukadhani umemchekesha.

Na nyinyi mnaokodisha mahema, mnaoendesha kambi, mnaopanga safari za vijana kila mwisho wa mwezi, andikeni matengenezo kwenye bajeti kama mnavyoandika petroli. Mkiandika maelezo ya tovuti, msifute viraka. Turubai lenye kiraka kilichoshonwa sawasawa lina nguvu pale kuliko pengine popote, kwa sababu pale lina tabaka mbili.

Shangazi yangu bado anauliza lini nitarudi chuo. Huenda nikarudi, sijafunga mlango. Lakini nikirudi sitakuwa nimeokolewa kutoka mahali popote. Mwezi uliopita hema lake la kanisa, lile la harusi na mazishi, lilichanika katikati na upepo wa Jumamosi. Wenye kanisa wakataka kununua jipya, bei ikawafunga midomo. Nikalichukua, nikalilowesha na kulikausha, nikakata kiraka cha mviringo, nikashona. Bei niliwaandikia kamili, kifaa kwa kifaa, saa kwa saa, na shangazi ndiye mweka hazina. Alisoma karatasi ile mara mbili, akavua miwani, akalipa yote bila kubisha.